Mama Sellah Muhonja na Askari wa Kichaka Chake

Mama Sellah Muhonja alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 karibu na misheni ya Mukumu, akiwa kifungua mimba. Alisoma hadi darasa la saba, mwaka 1975, kisha akabaki nyumbani kulea wadogo zake.

Mwaka 1982 alifunga ndoa na marehemu baba yetu, Sifuna. Miaka miwili baadaye alianza kazi kwenye kitalu cha miche kule Isecheno, kando ya msitu. Huko ndiko alikomjua mdudu mmoja mdogo, kijani cha kumetameta, kichwa rangi ya chungwa, anayezunguka juu ya majani akiwinda viwavi. Hata watafiti wa msitu ule walikuwa hawajamjua vizuri. Mama alimwita askari. Alipostaafu, askari hao walimfuata pamoja na miche hadi kwenye kichaka cha nyuma ya jikoni, na sukuma wiki yake haikuonja dawa kamwe.

Siku moja pasta alikuja kutuombea, mdudu akapanda kwenye Biblia yake. Pasta akainua mkono ampige.

"Pasta, hiyo haiumangi," Mama akasema. "Iko kazini. Wacha imalize, halafu tuombe."

Pasta alingoja.

Ugonjwa wa sukari ulimpata mwaka 2019. Alipozidiwa hospitalini alituita wote, shemeji yake Wekesa akiwemo, akatuomba jambo moja tu: "Mkinizika, kichaka changu msiguse." Sote tuliitikia. Alifariki tarehe 3 Juni 2025.

Wasifu uliochapwa unaishia hapo. Haya ninayaongeza mimi, bintiye Tracy, na nina hasira. Juzi Alhamisi kamati ya mazishi, ikiongozwa na baba mdogo Wekesa, ilipulizia kichaka kile dawa ya wadudu, ati wageni wasisumbuliwe. Nilipouliza, baba mdogo alinijibu: "Tulikuwa tunasafisha tu boma. Watu wangesema aje?"

Mama hakuwa hata ametoka mochari! Leo mnalia kwa sauti, mmevaa fulana zenye picha yake, na kitu kimoja alichowaomba mmekikanyaga. Nimewaokota askari wake chini ya majani, miguu juu, nikawafunga kwenye leso yake. Nitawazika naye, mtake msitake.

Ameacha watoto wawili, Tracy na Sydney, wajukuu wanne na shemeji mmoja. Askari, tangu juzi sijaona hata mmoja aliye hai.

Mama, lala kwa amani. Baba mdogo, pampu yako ya dawa bado iko nyuma ya jikoni. Kaiondoe kabla jeneza halijashuka.