Sikio la Rogath na Tangawizi ya Bushiri

Asubuhi hiyo Bushiri alitua birika lake la kahawa kwenye kijiwe cha Kariakoo, mbele ya duka la spika la Rogath, akagonga vikombe kama kawaida. Rogath, mteja wake wa kwanza kila siku kwa miaka kumi na moja, akatoka dukani na chupa ya maji ya moto ya nyumbani kwake. Siku tatu alikuwa akinywea ndani; leo kaileta hadharani. Sikio la Rogath lilikuwa linalia ngiii wiki ya tatu, na nesi alikuwa amemshauri ajaribu kupunguza kahawa na chumvi, aone. Sasa mtu akisusa kahawa hadharani, kufika adhuhuri mtaa mzima utajua muuzaji ana lake.

— Nesi kasema kahawa, au kasema kahawa yangu? Bushiri akauliza.

— Mambo ya kitaalamu hayo, akadakia Mrisho, dalali wa vyumba wanayemwita Profesa. Kahawa inaamsha mishipa. Ya sikio ikikosa usingizi, inalia.

Seifu, fundi cherehani, jina la kijiwe Redio, akasogeza kiti.

— Mimi nashuku tangawizi. Siku hizi Bushiri anaiponda kaangalia ukutani. Kwa nini?

— Nakwepa vumbi.

— Vumbi lipi, na jana imenyesha?

— Na kashata je? akasema Profesa. Mafuta ya karanga hupanda. Wahenga walisema sikio halipiti kichwa. Maana yake yamejaa kichwani, yanatafuta pa kutokea.

— Siku ya nne leo bila kahawa, akasema Rogath. Chumvi nimeacha, mtori wa mke wangu umekuwa maji ya kuoshea ndizi. Bado linalia. Bushiri, hiyo buni unakaangia nini?

— Makaa, kaka. Nakaangia uani, Magomeni, mlango wazi. Njoo uone.

— Mlango wazi ndio wa kuogopa, akanong'ona Redio, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara.

Hapo akafika dada mmoja, Husna, kuulizia bei ya redio dukani. Akawaamkia mara tatu ndipo wakamwitikia.

— Samahanini, baba zangu. Hapa mnasikilizanaje?

Akainua macho. Juu ya vichwa vyao, spika ya Rogath ilikuwa inabwata ofa tangu asubuhi, kama jana, kama mwaka juzi.

Profesa akatazama viatu vyake. Redio akarudisha kiti alipokitoa.

Rogath akainuka, akachomoa waya, akarudi kukaa. Akatega sikio kitambo.

— Bado linalia.

Bushiri akashika kikombe, akangoja.

— Nipe nusu, akasema Rogath. Na tangawizi uiponde ukiwa umenitazama.