Kamera ya Kasi Isiondoke Gongoni

Mgeni rasmi, Bi Zainab Msellem, msimamizi wa vifaa vya sayansi vya kuazimwa, shikamoo. Mvumo uliokupokea mlangoni, kabla hujaona kitu, ni wa feni ya kamera uliyokuja kuichukua. Karibu. Sisi ni Kikundi cha Darubini Gongoni, watu kumi na wanne, wengi wetu vibarua wa chumvi.

KAZI YA KAMERA

Hewa iliyo juu yetu haitulii, ndiyo maana nyota humetameta na picha ya darubini hutoka na ukungu. Kamera hii hupiga picha mia mbili kwa sekunde. Nyingi huharibika, chache huangukia pale hewa ilipotulia. Hizo chache huchaguliwa, kompyuta ikazipanga moja juu ya nyingine, ikatoka picha moja safi.

KOSA

Mwezi wetu wa kwanza na kamera hatukupata hata picha moja safi. Tukakuandikia kwamba kamera ni mbovu. Barua ile ni yetu, hatuikani. Darubini tulikuwa tumeielekeza juu ya mabwawa ya chumvi, kwa kuwa upande ule hauna minazi. Mwenzetu Mwaro, aliyekwangua chumvi miaka tisa, alipoona akacheka: "Nyinyi mwatazama nyota juu ya sufuria itokayo mvuke, kisha mwalaumu kamera? Haya, nipigeni picha na mimi hapo, nitoke kama mzuka."

Mabwawa hushika joto la mchana, jioni yakalirudisha hewani. Tukageukia upande wa pili.

TULICHOPATA

Pete ya sayari ya Zohali. Mchaguzi wa picha ni mwenzetu Kadii, aliyezoea kuchambua chumvi: nyeupe huku, yenye tope kule. Katika picha elfu kumi na mbili za dakika moja, yeye hubakiza mia. Pete ilikuwa imetugeuzia ukingo, nyembamba kama uzi, sasa yafunguka. Kadii amepima upana wake miezi minne mfululizo. Wa tano bado.

OMBI

Hatuombi kamera nyingine. Twaomba hii ibaki, hesabu ya Kadii isikatike. Umeletwa hapa na maneno yetu, na maneno hayo leo twayafuta mbele yako.

Mola akujaalie safari ya salama na uamuzi wa heri.

Nawe Kadii, sikia, mgeni wetu akiwa shahidi. Sisi, Kikundi cha Darubini Gongoni, twakuahidi: kamera ikiondoka leo, tutaifuata pamoja nawe hadi itakapowekwa, na hatutabanduka mlangoni mpaka upate kipimo cha pete cha mwezi huo wa tano.