Kumuaga Daktari Anayeikimbia Sindano

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali yetu, waheshimiwa madaktari bingwa, wauguzi wenzangu, ndugu zetu wa maabara mliokubali kuziacha mashine zenu kwa muda, wifi yangu, mke wa mstaafu wetu, uliyekaa hapo mbele, na ninyi nyote wageni waalikwa: nawasalimu kwa heshima na kwa furaha.

Nimeombwa nimuage daktari wetu wa moyo anayestaafu leo. Nami, muuguzi mkuu wa wodi yake, niliyefanya naye kazi tangu nywele zake zikiwa nyeusi, nimekuja na nia moja ambayo sitaificha: mtu huyu hatoki ukumbini humu bila kutolewa damu.

Mnacheka? Chekeni, lakini yaliyotokea mnayajua. Mwezi uliopita alibanwa kifua katikati ya raundi, akaanguka, na wanafunzi wake mwenyewe ndio waliomzibua mshipa wa moyo. Tulilia, tukaomba, akainuka. Aliporuhusiwa, alitakiwa arudi kupimwa damu tena. Hajarudi! Kila mara wifi akimkumbusha, anajibu, "Mimi mzima, kwani hunioni?"

Jamani, maneno hayo anayasema nani? Huyu huyu tuliyempachika jina la Bwana Rudia! Ndiye aliyetufundisha kwamba kuzibua mshipa ni nusu ya kazi. Kwamba moyo ulioumia humwaga siri zake kwenye damu kabla mgonjwa hajahisi lolote. Na kwamba vipimo vya damu hiyo vikipanda badala ya kushuka, hatari iko njiani, iwe ni moyo kulemewa, mapigo kuvurugika au figo kuchoka. Maabara waliisha hamu naye. "Rudieni," aliwaambia, "damu bado ina neno."

Mnamkumbuka fundi cherehani? Yule pale nyuma, anapunga mkono. Alipozibuliwa mshipa, kesho yake alijiona simba, akavaa, akataka kuwawahi wateja wake. Akaambiwa asubiri majibu. Akakataa katakata. Basi bingwa wetu, na usomi wake wote, akachukua kiatu kimoja cha mgonjwa, akakitia kwapani, akaendelea na raundi! Fundi akamfuata akichechemea, anamporomoshea matusi kitanda hadi kitanda. Majibu yakaja: kipimo cha moyo kulemewa kimepanda maradufu. Jioni ile mapafu yakajaa maji, lakini alikuwa kitandani, dawa tayari, nasi tumemzunguka. Angekuwa barabarani, leo tungekuwa tunamtaja kwa sauti ya chini.

Kaka, mganga hajigangi, najua. Najua pia kwamba sindano huiogopi. Unayoyaogopa ni majibu, kwa sababu unajua kuyasoma kuliko sisi sote. Nani asingeogopa? Lakini umewashika mikono watu wangapi walioogopa hivyo hivyo? Tunakupenda, na upendo wetu leo una ubishi.

Mtaalamu wa maabara, sogea na trei yako. Wifi, mshikilie huyo asije akapitia dirishani. Haya, naona anavua koti. Anakunja shati mwenyewe! Msipige makofi kwanza, sindano bado haijaingia. Nipe mkono huo mwingine, kaka, niushike. Majibu yawe mazuri yawe mabaya, tutayasoma pamoja. Tumekuja kukuaga kazini, na kuaga kwetu kuishie hapo hapo.

Ninyi mlionivumilia hadi hapa, asanteni sana kwa kunisikiliza. Sasa naomba kimya: tunatafuta mshipa.