Chini ya Godoro

Mwalimu Gatwiri alikuwa amepanda basi Garissa. Alikuwa akirudi shuleni kwa mkutano wa wazazi, wiki moja baada ya mwanafunzi wake kuleta bunduki ya babake darasani na kumpiga mwenzake risasi mguuni. Mbele yake wazazi wawili walikuwa wakibishana, wasijue nani amekaa nyuma.

"Hiyo ni makosa ya walimu," alisema Aden, mmoja wa wale polisi wa akiba wanaopewa bunduki ya serikali na kuishi nayo nyumbani. "Kwa nini hawakagui mabegi?"

Gatwiri akalimeza hilo pamoja na vumbi.

"Na yako iko wapi saa hii?" Mama Yurub akamuuliza.

"Nyumbani, eddo," Aden alijibu, akimwita shangazi kwa Kisomali. "Nimeificha."

"Na watoto?"

"Nyumbani pia. Si shule imefungwa?"

Mama Yurub akamtazama tu. Aden akatoa simu haraka, akampigia kifungua mimba wake. "Sikia, usiguse chini ya godoro yangu. Umesikia? Chini ya godoro, hapana!"

Gatwiri akafumba macho. Basi likasimama kwenye kizuizi cha barabarani, askari wakataka kukagua mizigo. Aden alikuwa wa kwanza kufungua begi.

"Angalia vizuri, afande," alisema. "Mimi siko na kitu."