Maisha ya Huynh Van Tong, Msambaza Gesi ya Samadi wa Phung Hiep

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mdogo wangu, Huynh Van Tong, na naomba mnisikilize hadi mwisho, maana tangu juzi humu uani watu wananong'ona kuwa mkwe wake ndiye aliyemuua, na minong'ono hiyo imenichosha.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, hapa hapa kando ya mfereji wa Phung Hiep, akasoma shule ya msingi hadi vita vilipoifunga mwaka 1968, ndipo akashika kazi ya kufuga nguruwe. Tarehe 12 Januari 1981 alimwoa Le Thi Nhan, wakajaliwa mtoto mmoja, Khai, ambaye baadaye alimwoa Ngan, na marehemu hakuwahi kumwita Ngan mkwe, alimwita mwanangu.

Mwaka 2004 alijenga mtambo wa kugeuza samadi kuwa gesi ya kupikia, na kwa kuwa majirani wengi hawakuwa na nguruwe, aliijaza gesi hiyo kwenye mifuko mikubwa ya plastiki, akaipakia mtumbwini na kuwapelekea hadi majumbani, nao wakimtania, "Tong, leo umetuletea uvundo gani tena?" naye akiwajibu, "Ipikie wali kwanza, matusi utanitukana umeshiba!"

Kila mfuko aliutundika jikoni, mbali na madhabahu ya sebuleni ya kuwakumbukia wazee waliotangulia, kwa kuogopa udi unaowaka. Mwaka huu maji ya mafuriko yaliingia jikoni kwake, akauhamishia mfuko sebuleni, yeye mwenyewe, narudia, yeye mwenyewe. Tarehe 17 Oktoba 2019, siku ya kumkumbuka marehemu mama yetu, Ngan aliwasha udi kama mkwe yeyote anavyopaswa, kumbe mfuko unavuja, moto ukalipuka, Tong akamsukuma binti nje na kuungua yeye.

Alifariki hospitalini tarehe 21 Oktoba, baada ya kutuambia mimi na Khai, "Mfuko niliutundika mimi. Asije mtu akamgusa mwanangu."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokuja na ndoo za maji, na wafugaji wenzake waliolisha nguruwe wake siku zote hizi.

Ngan, umesimama barabarani tangu asubuhi kwa sababu dada zangu wamekunyima kitambaa cheupe cha wafiwa. Ninacho hapa mkononi. Njoo nikufunge kichwani, mama, halafu tumbebe baba yako.

Tong, mdogo wangu, pumzika kwa amani.