Uhamisho wa Lorraine

Kwenye treni ya asubuhi ya kwenda Washington, kijana mwenye tai nyekundu alikaa kando ya mama mmoja mwenye kitambulisho cha serikali shingoni, akaanza kumlalamikia kana kwamba wanajuana.

"Mama, mimi nimeteuliwa na ikulu. Lakini pale idarani kuna mtumishi wa kudumu, anaitwa Lorraine. Kila nikiagiza jambo ananijibu 'sawa, bosi,' na hakuna kinachosogea. Leo namhamishia Alaska."

"Unadhani wewe ndiye bosi wa kwanza kusema hivyo?" mama aliuliza. "Nyinyi mnakuja na rais na mnaondoka naye. Lorraine yupo tu."

"Wananchi walimpigia kura rais. Huyo Lorraine alipigiwa na nani?"

Mimi niliyekaa kiti cha nyuma yao, niliyelowa mvua kwenye foleni ya kupiga kura, nilitamani kumshangilia kijana, ingawa tai yake ilinikera.

"Haya, mhamishe," mama alisema mwishowe. "Ila ukiruka hatua moja, mawakili watamrudisha kitini kwake, na wewe utaitwa bungeni kujieleza."

Kijana alijikuna shingo. "Hizo hatua anazisimamia nani?"

"Mkuu wa utumishi wa idara yenu. Ni nani?"

Kijana alitazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu ila giza la handaki. "Nafasi iko wazi. Anaikaimu Lorraine."

Mama alicheka mpaka mfuko wake wa chakula ukaanguka. Treni iliposimama kituo cha Federal Triangle, penye ofisi za serikali, kijana alishuka simu ikiwa sikioni.

"Lorraine, za asubuhi, dada yangu," nilimsikia akibembeleza. "Leo una nafasi kidogo?"