Mpira Usiingie Kwenye Miwa

Padri Eusebio, mama yetu Milagros, wazee wa Naranjal, wachezaji wenza wa marehemu, majirani na nyote mliokaa nasi msibani, poleni. Mimi ni Altagracia, dada yake mkubwa, nimesimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya ndugu yetu Anyelo Severino Peguero, mliyemzoea kwa jina la Mwewe. Kikao cha familia kilinishauri niseme kwamba aliugua ghafla, nami nimekataa, kwa sababu ghafla hiyo ilichukua wiki saba, na mtaa mzima uliiona.

Anyelo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1999, hapa hapa Naranjal, mtoto wa pili wa marehemu Ramón Severino, mkata miwa, na mama Milagros Peguero, akakulia kwenye kiwanja kile cha nyuma ya kanisa, kilichozungukwa na miwa pande tatu. Tulikuwa na mpira mmoja, wa soksi zilizoshonwa, na sheria moja, kwamba mpira ukiingia kwenye miwa mchezo umekwisha, kila mtu arudi kwao akachote maji. Basi wenzake wakigombania gongo la kupigia mpira, yeye alijipeleka nyuma kabisa, mgongo kwenye miwa, akawa haachi kitu kipite, mpaka mjomba wetu Fremio akasema, "Huyu si mtoto, ni mwewe, kifaranga cha jirani kisikatize mbele yake!" Jina likamganda.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kuanzia mwaka 2005, akaacha mwaka 2012, akiwa na miaka kumi na mitatu, ili afundishwe besiboli na mjomba Fremio, ambaye vijana wengi mlio hapa mmepitia mikononi mwake. Mama alilia, na mjomba akamwambia, "Dada, vitabu vitamngoja, miguu haingoji." Vitabu vinamngoja hadi leo.

Tarehe 2 Julai 2016 alitia saini mkataba na klabu moja ya Marekani, mtaa ukala mchuzi wa sancocho hadi sufuria ikakwanguliwa, na mama akajengewa nyumba ya bloku. Alikaa akademi ya klabu hiyo huko Boca Chica miaka miwili, akapelekwa Arizona mwaka 2018, kisha South Carolina, kisha Texas, akipanda daraja baada ya daraja, daima uwanja wa nyuma, katikati, mahali ambapo anayepaza sauti "Wangu!" ndiye anayedaka na wenzake wanampisha. Ilibaki ngazi moja tu, kwani alikuwa amealikwa kufanya mazoezi na timu kubwa yenyewe Machi hii inayokuja.

Tarehe 16 Januari 2021 alifunga ndoa na Yudelka Mañón, na tarehe 3 Novemba mwaka huohuo Mungu akawajalia binti, Lisbeth, ambaye tangu juzi anamwita baba kila mwanamume anayeingia na kofia.

Sasa nafika kwenye ugonjwa. Tarehe 9 Desemba 2023, kwenye ligi yetu ya majira ya baridi, alikimbilia mpira uliokuwa unatoka nje, akaudaka, akagonga ukuta kwa kichwa, akainuka na kuuonyesha mpira, nasi tukashangilia kama wehu. Tangu hapo kichwa kilimuuma, akawa anatapika asubuhi, kinyozi akamtania, "Mwewe ana mimba!" na mama akamchemshia majani. Uwanjani hakuuona tena mpira vizuri ukitoka kwenye gongo, hivyo rafiki yake Rosmel, anayecheza upande wa kushoto, akawa macho yake, akimpigia kelele, "Nyuma! Kulia kwako!" na watazamaji wakacheka wakidhani ni utani wa marafiki.

Siku ya Krismasi nilimwona akimimina kinywaji pembeni ya glasi, nikamwuliza, "Wewe, macho yako yana nini?"

"Hayana kitu, dada Tata. Usinitangaze mbele ya mke wangu."

"Nenda kwa daktari wa timu."

"Nikimwambia kichwa kinazunguka, Machi anakwenda mwingine. Nyuma yangu wamejaa, na wote wana miguu."

"Una mtoto, Anyelo!"

"Ndiyo maana nanyamaza."

Mjomba Fremio, naye, alimwambia, "Vumilia, baada ya Machi utaumwa unavyotaka." Mjomba, najua ulimpenda, na najua hulali, lakini maneno hayo ulisema, na hapa ndipo mahali pa kuyazika.

Jumapili tarehe 28 Januari 2024, baada ya misa, aliwakusanya wazee na watoto kwenye kiwanja chetu wacheze kujifurahisha, akatoa boksi zima la mipira mipya aliyoileta kutoka Texas. Mzee Cirilo akaupiga mpira mmoja juu, kombo, nje ya mstari, usio na faida kwa yeyote, ukawa unaelekea kwenye miwa. Sote tulipiga kelele, "Uache, Mwewe! Uache huo!" Yeye akakimbia uso juu, akaita, "Wangu!" akajikwaa, akaanguka na kichwa chake kikagonga reli ya mabehewa ya miwa inayopita ukingoni mwa kiwanja. Mpira ulikuwa ndani ya glavu. Hospitalini San Pedro walikuta kichwani damu mpya juu ya damu ya zamani, wakahangaika naye kwa siku mbili, na Jumanne tarehe 30 Januari, saa tano asubuhi, akatutoka, akiwa na miaka ishirini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao wangeweza kusaidia zaidi kama wangeletewa mgonjwa mapema, vijana wa pikipiki waliombeba, majirani mlioleta viti, kahawa na tangawizi, na wachezaji wenzake wote. Rosmel, ambaye ameshindwa kusimama hapa, amenituma niwaambie kwamba kesho anakwenda kwa daktari na lile goti lake bovu analolificha, klabu imchukue au imwache, nami nawaomba nyinyi wengine mnaoficha mumfuate.

Mdogo wangu, boksi la mipira liko kwa mama, limejaa. Pumzika sasa. Ukija mpira mwingine juu, usiuite wako, uache uingie kwenye miwa, tutautafuta sisi.